Mali bila daftari: majibu kwa wanaofanya kazi na mafundi wa programu walio mbali

Barua nne nilizochagua mwezi huu zimetoka pembe nne tofauti, ila nilipozipanga mezani hapa Chumbageni, Tanga, niliona zinalia kilio kimoja. Watu wanatengeneza programu pamoja bila kuonana, na kila mmoja anaamini mwenzake amemwelewa. Kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na miwili, mimi nikiwa Tanga na wenzangu wakiwa Nairobi, Kigali na Hamburg. Barua ya kwanza nitakaa nayo sana, maana mwenye nayo ameshatoa hela.

Wananiambia ndiyo, kisha wanaleta kitu kingine

*Mwanangu, mimi nauza kanga za jumla Kariakoo, mwaka wa ishirini na sita sasa, na nina wajukuu watano. Mtoto wangu wa pili alinishauri niachane na madaftari nitengenezewe programu ya stoo. Akanitafutia mafundi watatu walioko Bengaluru, India, vijana wenye adabu zao. Kila Jumatano tunaongea kwa simu ya video, mtoto anatafsiri. Kila ninachosema wanajibu ndiyo, tumeelewa. Mwezi uliopita wakaleta kazi. Nikaingiza mzigo mpya, korija tatu, programu ikaandika vitu 3. Nikauza doti moja, ikasema vimebaki 2. Halafu majina ya kanga yanakatika. Ile ya "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe" inaandikwa "Mla nawe hafi nawe i". Nimeshalipa nusu ya hela. Je, nimetapeliwa? — Mama wa kanga, Kariakoo*

Shikamoo mama. Pole, na ahsante kwa kuandika mambo kwa undani hivi. Ungewaandikia mafundi kama ulivyoniandikia mimi, nusu ya tatizo lingekuwa limekwisha.

Sidhani kama umetapeliwa. Vijana wale wamefanya walichoelewa. Walisikia "korija", mtoto akalitafsiri haraka haraka, pengine akasema furushi, nao wakaona furushi moja ni kitu kimoja. Shida ni lile neno "ndiyo". Mtu anayekuheshimu, kwenye simu inayokatakata, ukimuuliza "umeelewa?" atajibu nini? Hata sisi tuko hivyo hivyo. Mpelekee fundi cherehani kitambaa, muulize kama gauni litakuwa tayari Ijumaa, atakwambia usijali mama. "Sawa" yetu inaweza kuwa nimekubali, inaweza kuwa nimesikia, na inaweza kuwa naomba tumalize simu. Mkikaa barazani unamsoma mtu usoni, unajua ni sawa ipi. Kwa mbali uso huo huna.

Kwa hiyo swali la "mmeelewa?" liache kabisa. Sema: "Niandikieni mlichoelewa." Baada ya kila simu ya Jumatano wakutumie mistari mitano au sita kwa maneno yao wenyewe, mtoto akusomee, nawe urekebishe kabla mtu hajagusa programu. Utashangaa yatakayotoka humo. Mimi kila nikifanya hivi na timu mpya, mara ya kwanza hukuta angalau jambo moja lililogeuka kichwa chini miguu juu, na hukuta mapema, wakati kulirekebisha bado ni maneno tu.

Anza na vipimo. Umeandika korija tatu, lakini hukuniambia kwako korija ni doti ishirini au vipande ishirini. Mimi niliyebebwa mgongoni kwa kanga sijui, sembuse kijana wa Bengaluru. Korija ni ishirini, lakini ishirini ya nini? Waandikie mstari mmoja usio na njia mbili: korija 1 ni doti kadhaa, doti 1 ni vipande 2, tunauza kwa korija na kwa doti, hatuuzi kipande kimoja. Au mnauza? Mteja akirudisha kipande chenye doa inakuwaje? Hayo unayajua kwa mkono, hujawahi kuhitaji kuyasema, na ndiyo hasa mafundi wasiyoweza kuyajua.

Usione haya mama, walioteleza hapo ni wakubwa. NASA ya Marekani ilirusha chombo cha Mars Climate Orbiter Desemba 1998 kwenda sayari ya Mars. Kikundi cha Colorado kilitoa hesabu za msukumo kwa kipimo cha paundi, na kikundi cha California kikazisoma kama niutoni, ambacho ni kipimo kingine. Watu wa nchi moja, lugha moja, simu zinafanya kazi. Septemba 23, 1999 chombo kilipofika Mars kilipita karibu mno na sayari, kikapotea. Hiyo ilikuwa korija yao na doti yao.

Hatua ya pili, chukua risiti tano za wiki iliyopita, zile halisi zenye mikunjo. Zipige picha. Kisha andika chini ya tatu kati ya hizo jibu unalolitarajia. Mfano: asubuhi stoo ina korija 3, mteja wa Morogoro amechukua korija 1 na doti 4, jioni zimebaki ngapi? Kama korija yako ni doti ishirini, zilikuwa doti 60, zimetoka 24, zibaki 36, yaani korija 1 na doti 16. Risiti mbili zilizobaki usiandike jibu. Waambie wao wakuandikie. Wakipatia, wameelewa kweli. Wakikosea, umeokoa mwezi mzima. Maelezo ya maneno matupu watu huyavuta huku na kule, lakini 36 ni 36 hata Bengaluru.

Kuhusu majina, wanachoona wao ni maandishi ya pambo kwenye kitambaa. Hawajui kwamba kwetu jina ndiyo bidhaa. Mteja haji kuomba kanga nyekundu yenye korosho, anakuja kuomba ya "Mla nawe", na jina likikatika "ila mzaliwa nawe" imepotea na maana yote imepotea nayo. Wametenga nafasi ya herufi 20 kwa sababu hakuna aliyewaambia. Watumie picha ya kanga tatu ulizonazo zenye majina marefu kuliko yote, uwaambie mteja huuliza kwa jina. Kurefusha nafasi hiyo ni kazi ndogo kwa fundi.

Ningependa pia waone duka. M-Pesa unayopokelea malipo ilizaliwa kwa mbali vilevile. Programu yake ya kwanza iliandikwa na kampuni ya Sagentia huko Cambridge, Uingereza, kwa ajili ya Vodafone, na ilikusudiwa watu warejeshe mikopo midogo. Majaribio yalipoanza Kenya Oktoba 2005, Thika ikiwemo, Susie Lonie wa Vodafone alikuja kukaa huko huko Kenya na kuyasimamia. Akaona na wenzake kwamba watu wanaitumia kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe. Ilipofunguliwa kwa umma Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangazwa. Jambo lile lisingeonekana kutoka Cambridge. Wewe huna haja ya kumsafirisha mtu kutoka India. Mtoto achukue simu, arekodi dakika ishirini za asubuhi ya Jumamosi duka likiwa limejaa, wapagazi wanashusha, wewe unaandika kwenye daftari huku unapokea simu. Wakiona unavyoandika kwa mkono mmoja, hawatakupa skrini yenye vitufe kumi na vitano.

Na hela. Nusu iliyobaki usiitoe kwa mkupuo. Ongea nao kwa upole, mkate kazi vipande vidogo: kwanza kuingiza mzigo, pili kuuza, tatu marejesho, nne madeni. Kila Jumatano dakika kumi za mwanzo uwe wewe mwenyewe unayebonyeza, wao wanatazama. Kipande kikifanya kazi mikononi mwako, unakilipia. Daftari lako usilitupe mpaka mwezi mzima programu na daftari ziwe zimekubaliana kila jioni. Wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakusema daftari liwe la karatasi au la umeme, mradi linasema kweli.

Msimamizi anasema hajui niko wapi

*Shikamoo dada. Nina miaka 24, naandika programu nikiwa Mwanza kwa kampuni ya Ujerumani, mwezi wa nne huu. Msimamizi wangu ameniandikia kwamba kazi yangu ni nzuri lakini hajui niko wapi. Nilishangaa, maana sijawahi kukosa siku. Nikikwama huwa sipendi kumsumbua, ni mtu mzima mwenye mambo mengi, nahangaika mpaka nipate. Kwenye vikao Kiingereza kinanitoka vibaya mbele za watu, nanyamaza. Naogopa nitaachishwa. — Kijana wa Nyegezi*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako imenirudisha mwaka 2013.

Nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza ya mbali, kampuni ya nje ambayo sitaitaja. Nikapewa kipande cha programu kinachosoma faili la malipo. Nikakwama. Kila asubuhi tukiulizwa habari za kazi nilijibu "naendelea". Siku ya kwanza naendelea, ya pili naendelea, ya tatu nimelala saa nane usiku, macho mekundu, naendelea. Siku ya nne mwenzangu mmoja akauliza tu kwa bahati ninashughulika na nini hasa, nikamwambia. Akasema faili lile halitumiki tena, walishakubaliana na benki kubadili mfumo wiki moja kabla sijaajiriwa. Siku tatu za maisha yangu. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nililia chooni, nikatoka nikaapa sitasema tena "naendelea".

Naelewa ulivyolelewa, nami nililelewa hivyo. Mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa, na mtu mwenye shughuli hasumbuliwi kwa jambo dogo. Adabu hiyo ni nzuri nyumbani na sitaki uipoteze. Ila msimamizi wako haoni taa ya chumba chako ikiwaka usiku. Anachokiona ni ukimya, na ukimya wa aliyekwama na wa aliyelala vinafanana. Kwake yeye, kumwambia mapema ndiyo heshima, kwa sababu naye kuna mtu anamdai majibu.

Jiwekee saa moja. Ukihangaika saa nzima na jambo halijasogea hata kidogo, andika. Usiandike "nimekwama, naomba msaada", maana hapo unampa kazi ya kukuuliza maswali matano. Andika hivi: "Nataka orodha ya wateja ifunguke kwa mpangilio wa tarehe. Nimejaribu hiki na hiki. Kinachotokea ni kosa hili, picha yake nimeiambatisha. Nadhani shida iko kwenye tarehe zisizo na mwaka. Wakati nasubiri jibu naendelea na ukurasa wa malipo." Mtu wa Ujerumani akiamka akakuta hiyo, anajibu kwa mstari mmoja na kahawa yake mkononi. Mara nyingine, na hili limenitokea mara nyingi, ukifika kwenye "nadhani shida iko" unaiona mwenyewe, unafuta ujumbe wote.

Jioni kabla hujafunga laptopu, acha mistari mitatu: nimemaliza nini, nimeishia wapi, kesho naanza na nini au nasubiri nini kwa nani. Iwe na vitu vinavyoshikika. "Nimefanya kazi ya malipo" haishikiki. "Malipo ya kadi yanapita, ya simu bado yanakataa namba zinazoanza na 255" inashikika. Ukifanya hivyo wiki mbili mfululizo, neno la "sijui uko wapi" hutalisikia tena.

Sasa Kiingereza. Kikao cha video ndicho mahali pagumu kuliko pote kwa lugha ya kuazima, kwa sababu hakuna nafasi ya kufikiri. Basi tangulia. Omba ajenda siku moja kabla, andika mawazo yako kwa sentensi fupi, uyatume kabla kikao hakijaanza. Ukifika unasema, "nimeandika pale juu, jambo langu ni la pili." Watakuwa wameshalisoma. Wengi wao Kiingereza si lugha ya mama zao pia, na watashukuru kupata kitu cha kusoma. Usipolisikia neno, liandike kwenye sehemu ya ujumbe uulize hapo hapo. Usicheke na kuitikia kwa kichwa. Nimeona kazi za wiki nzima zikipotea kwa kuitikia kwa kichwa.

Halafu ujue kuandika si njia ya pili kwa ubora, kwamba umeikimbilia kwa sababu kuongea kumekushinda. Linux, mfumo ulio ndani ya simu yako kama ni ya Android, umejengwa tangu 1991 na maelfu ya watu walio nchi mbalimbali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imepita kwa barua pepe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoanzisha Git mwaka 2005, ile programu ya kutunza kila badiliko la kazi unayoitumia kila siku, aliitengeneza kwa ajili ya kazi hiyo hiyo ya watu wasioonana. Kila badiliko linaingia na maelezo yake, na maelezo mazuri yanasema kwa nini, maana nini kimebadilika kila mtu anaweza kukiona. Hilo lianze kesho: kila unapohifadhi kazi, andika kwa nini. Kijana atakayeshika kazi yako baada ya miaka miwili atakuombea dua.

Kikao kimoja, watu watatu, saa tatu tofauti

*Dada, niko Unguja. Niliwaandikia wenzangu wa Muscat na Kigali "tuonane Jumatatu saa 3". Nilikusudia saa tatu asubuhi. Wa Kigali akaingia saa nne. Wa Muscat, naye ni Mswahili mwenzangu, akaingia saa nane mchana. Kila mtu ana hasira na kila mtu anadai yeye ndiye aliyewahi. — Mpiga ramani wa programu, Unguja*

Wote watatu mna haki, kaka. Wa Kigali alihesabu tatu asubuhi ya Kigali, ambako wako nyuma yetu kwa saa moja. Wa Muscat, aliyeishi na saa za Kiarabu na Kiingereza, aliiona 3 akaisoma kama ilivyo kwenye simu, yaani alasiri yao, nao wako mbele yetu kwa saa moja. Saa yetu ya Kiswahili inaanza kuhesabu kwa macheo, na mimi naipenda, naitumia sokoni na kwa mama. Kwenye ratiba ya timu iache. Andika tarakimu nne na mji: 09:00 Unguja, 10:00 Muscat, 08:00 Kigali. Tarehe nayo iandike kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, maana 04/03 kwetu ni Machi na kwa Mmarekani ni Aprili.

Mawili ya kuongezea. Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo siku mnazokutana kazini wote ni Jumatatu hadi Alhamisi tu. Kitu cha haraka usikipeleke Alhamisi jioni. Na mkipata mtu wa Ulaya, wenzetu wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Berlin ni saa moja nyuma yetu majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Wiki hiyo tuma ukumbusho.

Nimeongeza watu, kazi imezidi kuchelewa

*Habari dada. Naongoza timu Nairobi. Tulikuwa watano, kazi ikachelewa, nikaajiri wanne zaidi, wawili Dar es Salaam, mmoja Kisumu, mmoja Kigali. Sasa ndiyo tunachelewa kabisa. Group la WhatsApp halilali, sauti za dakika tano tano, na kikao cha kila asubuhi kinamaliza saa nzima na nusu. Juzi kijana mmoja wa Dar aliandikiwa "hii rudia, haifai" na mwenzake wa Nairobi. Akatoka kwenye group, na simu yangu hapokei. — Kiongozi wa timu, Nairobi*

Pole kaka. Fred Brooks, aliyewahi kuongoza utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendesha kompyuta kubwa za kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi iliyochelewa kunaichelewesha zaidi. Hesabu yake ni rahisi. Watu watano wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili. Watu tisa wana njia 36. Umeajiri wanne, umeongeza njia 26 za kutoelewana, na zote umezimimina kwenye group moja.

Igawe kazi kwanza, ndipo ugawe mazungumzo. Watatu watatu, kila kikundi na kipande chake ambacho kinaweza kukamilika bila kuwangoja wengine. Kikao cha asubuhi cha watu tisa kifute, kila kikundi kiwe na cha dakika kumi na tano, na wewe usome maandishi ya jioni. Kamera usilazimishe. Bando ni hela, na kuna siku umeme haupo.

Zile sauti za dakika tano nimezichukia kwa sababu niliyoiona. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Jumatatu yake intaneti hapa kwetu ikawa ya kubembeleza. Video haikushika. Maandishi yalipita, polepole lakini yalipita, na kwa kuwa kila uamuzi wa timu yetu ulikuwa umeandikwa sehemu moja, kila mtu alijua la kufanya. Isipokuwa jambo moja: utaratibu wa kurejesha malipo yaliyokataliwa, ambao tulikuwa tumekubaliana kwa sauti za WhatsApp. Sauti hazikufunguka. Watu watatu walikaa siku nzima wakisubiri. Sauti itumike kwa pole, hongera, na kueleza jambo lenye hisia. Uamuzi uandikwe, tena mahali ambapo mtu anaweza kuutafuta kwa neno moja mwezi ujao.

Salamu pia zinakula muda bila mtu kujua. Mtu anatuma "Mambo?" ananyamaza. Mwenzake anajibu "poa" baada ya saa nzima. Wa kwanza ameshaenda kula. Jambo lenyewe linafika jioni. Sikwambii muache kusalimiana, Mungu apishe mbali. Salimia na ueleze shida kwenye ujumbe huo huo, mwenzako atajibu vyote viwili kwa pamoja.

Sasa huyo kijana. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu mtu mzuri anaweza kukutoka. Nairobi mnaongea moja kwa moja, na hamna nia mbaya. Mtu wa Dar hata sokoni husema "naomba nyanya" hali ana hela mkononi. Sentensi "hii rudia, haifai", isiyo na jina wala salamu, mbele ya watu wanane, kwake ni kofi. Aliyeandika pengine alikuwa kwenye matatu, anaandika kwa kidole gumba, na alimaanisha mstari mmoja tu wa kazi. Wote wawili hawajui mwenzake aliona nini.

Weka utaratibu kuanzia sasa. Kukosoa kazi ya mtu kuanze na swali au sababu: "Naona hapa tunasoma wateja wote kwa mpigo, wakifika elfu kumi itakwama, unaonaje tukisoma mia mia?" Na mabishano ya maandishi yakizidi zamu mbili, watu wanapigiana simu, kisha mmoja anaandika walichokubaliana. Mimi zamu ya tatu siiruhusu kabisa. Sijawahi kuona ya tatu ikiwa na upole kuliko ya pili.

Kijana hapokei simu yako kwa sababu anadhani unapiga kama bosi. Mwandikie usiku huu, usisubiri Ijumaa. Usianze na tarehe ya mwisho wa kazi. Mwambie umeona kilichoandikwa na hukukipenda, na muulize ni saa ngapi kesho umpigie. Ukimpata, mwache aongee mpaka amalize, hata ukiwa na jibu. Ukishakata simu, mwandikie mistari miwili ya ulichomsikia akisema, umwombe asahihishe, na mpaka atakapokwambia ndivyo, usipeleke neno lolote kwenye group.